Mawe ya Mwezi wa Sita

Kwa Waha salamu si jambo la kupita. Mdogo anachuchumaa au anainama, anapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, na anaendelea kupiga wakati mkubwa anamuuliza alivyoamka, watoto walivyoamka, na hata walioko mbali walivyoamka, ingawa hakuna awezaye kujua. Mimi nimekulia Morogoro mjini, kwenye nyumba za reli, ambako mtu alikuwa akisema "mambo" akiwa ameshakupita. Nilipohamishiwa Kigoma niliwaona watu hawa kama wanaopoteza muda wa serikali.

Aliyenitoa ujinga huo ni bibi mwenye nyumba yangu. Nilipanga kwake chumba na sebule ndogo, kando ya ziwa, kusini mwa Ujiji, kwenye mtaa ambao sitautaja, kama ambavyo sitaitaja halmashauri iliyoniajiri. Alikuwa mjane, akijipatia riziki kwa kukausha dagaa na kuwauzia wachuuzi. Asubuhi yangu ya kwanza nilitoka na mkoba nikamrushia "Shikamoo, Bibi" huku nikifunga mlango. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Rudi."

Nikarudi.

"Hapa tunasema mwakeye. Na mikono hiyo Mungu hakukupa ya kubebea mkoba tu."

Nikachuchumaa na sketi yangu ya ofisini, nikapiga makofi kama mtu anayefukuza kuku. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu siku hiyo sikutoka bila salamu kamili, na nikazoea kuamka robo saa mapema kwa ajili yake.

Niseme wazi kwamba nilikuwa mpweke. Watumishi wenzangu waliotoka mikoa mingine walikuwa na familia zao, au kwaya zao, au baa zao. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane, sina mume wala mtoto, na mama yangu alinipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama huko Kigoma kuna umeme. Jioni nilikaa kizingitini nikitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa hadi isionekane. Kuna siku niligundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesema neno lolote lisilohusu kazi. Bibi naye aliligundua. Wiki ya pili alikuja mlangoni akaniambia ugali umeiva, na kwamba yeye hajui kupika wa mtu mmoja.

Ndivyo nilivyoanza kula kwenye mkeka wake, sinia moja, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese. Aliniita mwanangu. Najua wazee wengi humwita hivyo kila mtu, lakini yeye alinituma dukani, na siku mvua ilipotukuta nikiwa nimekaa na simu mkononi badala ya kuanua dagaa, alinigombeza mbele ya majirani mpaka nikataka kulia. Mgeni hatumwi wala hagombezwi. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi zilizotangulia.

Mbele ya nyumba palikuwa na ufukwe wa mchanga, upana wake hatua kama ishirini. Hapo ndipo alipotandaza dagaa wake juu ya nyavu kuukuu. Zamani, alisema, ufukwe ulikuwa mpana mara tatu. Miaka michache kabla sijafika ziwa lilipanda likachukua choo, jiko la nje na mchikichi uliopandwa na marehemu mumewe. Kilichobaki kuitenga nyumba na maji kilikuwa mchanga ule, na nyuma yake ukingo wa udongo ulioanza hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa chumba chake.

"Wewe si afisa mazingira?" aliniuliza siku moja, akiuonyesha ukingo kwa kidevu. "Sasa mazingira si ndiyo haya?"

"Nitakuletea mawe, Bibi," nikasema. "Tutayapanga ukingoni, na nyuma yake tutapanda miti."

"Hilo umelisema mwenyewe. Mimi sijakuomba."

Alisema akitabasamu, lakini alinitazama sawasawa alipokuwa akisema, na mimi nilijua nimeahidi.

Bajeti ya halmashauri huandaliwa mwanzoni mwa mwaka. Tunajifungia ukumbini siku kadhaa na kompyuta zetu, maandazi na chai ya rangi, kila idara ikivutia kwake. Mwaka wa kwanza niliandika mawe na miti. Vikapitishwa, na hazikushuka fedha hata za kununulia toroli. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Ndani ya kitabu cha bajeti mawe yangu yalikuwepo, yamechapwa vizuri kabisa, na ufukweni hapakuwa na hata kokoto. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na Bibi akaniuliza tu kama nimekula.

Mwaka wa tatu afisa mipango wetu alinionea huruma. Alikuwa mtu wa utani, amekaa Kigoma muda mrefu kuliko sote tuliotoka nje. Alivuta kiti karibu yangu, andazi mkononi.

"Dada yangu, miti haipigi kura," akasema. "Ukitaka fedha zako zishuke, zitafutie chanzo. Tafuta kitu kinachoingiza. Wakubwa wakiona kinaingiza, watakuachia sehemu ufanyie mambo yako."

Nililala na maneno hayo, na asubuhi nikawa nimepata chanzo. Upande wa kaskazini wa nyumba ya Bibi kulikuwa na korongo lililoshuka kutoka vilimani hadi ziwani. Masika lilikuwa mto, kiangazi lilikuwa kavu, limejaa mchanga safi wa kujengea. Watu walikuwa wakiuchimba kwa kuiba na kuwauzia wanaojenga mjini. Nikafikiri, kwa nini tusiwape vibali? Walipe ada, na ada hiyo initolee mawe. Sheria inakataza shughuli ndani ya mita sitini kutoka majini, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe na futi ya kupimia ardhi, nikapima mita zangu sitini, nikasimamisha vigingi na kuvipaka rangi nyekundu. Juu ya vigingi ruksa, chini yake marufuku. Nilijiona nina akili kuliko wote ukumbini.

Fomu ilitaka makisio, yaani idadi ya vibali nitakavyotoa kwa mwaka. Hapa ndipo nilipokosea, na nitaeleza bila kujitetea. Sikwenda korongoni kuuliza linaweza kutoa mchanga kiasi gani bila kuumia. Nilianza na bei ya mawe, nikarudi nyuma nikigawanya, mpaka nikapata idadi ya vibali vitakavyoilipa, na idadi hiyo nikaiandika. Hivyo ndivyo tunavyofanya sote. Anayekataa hajawahi kukaa kwenye ukumbi ule.

Makisio yakapita. Nilitoa nakala ya ukurasa wangu nikaenda nayo nyumbani. Bibi alisoma msahafu, lakini herufi za ofisi hakuzizoea, kwa hiyo nilikishika kidole chake nikakiweka kwenye mstari wenyewe.

"Hapa pameandikwa mawe," nikamwambia.

Akakipitisha kidole taratibu hadi mwisho wa mstari. "Na fedha zinatoka wapi?"

"Kwenye mchanga wa korongo. Wachimbaji watalipia."

"Mchanga wa korongo ndio huu," akasema, akielekeza mkono nje, kwenye dagaa wake. "Mvua inaushusha. Ziwa linakula, korongo linarudisha. Ndivyo ilivyo tangu nilipoolewa hapa."

"Ni nje ya mita sitini, Bibi."

Nilimjibu hivyo. Mwanamke aliyeuangalia ufukwe ule kwa zaidi ya miaka arobaini, nami nikamjibu kwa kipimo cha futi. Akasema "Ego," ambayo ni ndiyo kwa Kiha, akamega ugali. Nikachukulia kwamba amekubali.

Vibali vilianza mwezi wa saba, mwaka mpya wa fedha ulipofunguliwa. Kila kibali kilipita mezani kwangu, nikasaini na kugonga mhuri. Malori yalishuka korongoni asubuhi na kupanda yakiwa yameinama nyuma. Kila mwezi orodha ya makusanyo ilitumwa kwenye kundi letu la simu, idara iliyo chini ya lengo ikiwekwa rangi nyekundu ili wote waione. Mimi sikupenda kuwa mwekundu. Nikawa nawatafuta wanaojenga, nawashauri wachukue mchanga wetu wenye kibali, afisa mazingira mzima nikiuza mchanga kama dalali. Mwezi wa kumi niliambiwa nisimame kwenye kikao, nikatajwa kuwa mfano wa kuigwa. Wakuu wa idara wakanipigia makofi, ya haraka haraka, kisha tukaendelea na ajenda.

Mwezi wa kumi na mbili nilishuka korongoni nikakuta wamefika kwenye udongo mwekundu. Mchanga ulikuwa umebaki kwenye pembe pembe tu. Nilirudi ofisini nikiwa na viatu vya matope nikamwomba mkuu wangu tusimamishe. Hakunikaripia. Aligeuza kompyuta yake nione jedwali.

"Uko nusu ya lengo," akasema. "Lengo uliliandika wewe. Ukisimamisha leo, mawe yako nayo yanasimama."

Ningeweza kukataa. Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Ningeweka kalamu chini, na pengine wangempa mwingine ule mhuri, lakini jina lisingekuwa langu. Nikasaini, kwa sababu mawe yalionekana kuwa karibu, na kwa sababu nilikuwa nimemwahidi.

Masika ile mvua ilinyesha vizuri tu. Korongo lilishuka kwa kishindo kama miaka yote, ila lilileta tope. Tope lilisambaa ziwani likapotea, na mchanga haukuja. Mawimbi yaliendelea kuchukua fungu lao bila kujali kwamba hakuna anayerudisha. Hatua ishirini zikawa kumi, kisha sita. Bibi alihamishia dagaa kwenye vichanja vya miti, kisha akapunguza mzigo anaonunua, kwa sababu pa kuanikia palikuwa padogo. Asubuhi tulisalimiana kama kawaida, mimi nikipiga makofi, yeye akiulizia watu wangu wa Morogoro, na mimi ndiye niliyeanza kuangalia chini.

Ukingo ulianguka asubuhi moja ya mwezi wa nne nikiwa napiga mswaki. Nilisikia mshindo mzito, kisha kelele za kuku. Nilipozunguka nyumba nilikuta pembe ya chumba cha Bibi haipo. Kitanda chake kilionekana kutoka nje, kimetandikwa vizuri, chandarua kikipeperuka. Yeye alikuwa uani akipepeta mchele, hakuguswa. Majirani walikuja, tukatoa kitanda, masanduku, sufuria, msahafu. Chumba changu kilikuwa upande wa pili na hakikupata hata ufa.

Tulipomaliza alikaa juu ya gunia la dagaa, mikono magotini. Nilikaa chini karibu naye.

"Vile vibali vya korongo," akasema, "nani alikuwa anasaini?"

Nadhani alijua. Mtaa mzima ulijua.

"Mimi, Bibi. Ilikuwa kwa ajili ya mawe."

"Basi," akasema.

Alimwomba jirani amtafutie boti ya kwenda Ilagala, kwa mdogo wake. Siku mbili baadaye ilikuja. Nilibeba sanduku lake la mwisho, nikaingia majini hadi magotini kulipakia. Boti ilipokuwa tayari nilirudi nchi kavu nikachuchumaa, nikapiga makofi kama alivyonifundisha, ingawa makofi yale ni ya kusalimia na mimi nilikuwa naaga. Sikujua kingine cha kufanya.

"Asante, Afisa," akasema. "Ubaki salama."

Miaka mitatu hakuwahi kuniita Afisa. Nilibaki pale hadi mtu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mawe yalikuja mwezi wa sita. Mwezi huo ndio wa mwisho wa mwaka wa fedha, na fedha ambazo hazijatumika huchukuliwa, kwa hiyo katika wiki zake za mwisho kila kilichokuwa kigumu kinakuwa rahisi. Mhasibu alinipigia simu kwa furaha. "Mawe yako yametoka! Harakisha, tunafunga vitabu." Malori yaliyokuwa yakibeba mchanga ndiyo yaliyoleta mawe. Yaliyamwaga mbele ya nyumba yenye kuta tatu, vibarua wakayapanga ukingoni kwa siku nne, na nyuma yake tukapanda miche. Nilisaini kupokea mzigo. Nilipigwa picha nimesimama juu ya mawe, nimevaa kofia ya halmashauri. Kwenye taarifa ya utekelezaji niliandika kwamba lengo limefikiwa, na ni kweli, lilifikiwa. Afisa mipango alinipiga bega akasema, "Umeona sasa?"

Kinachoniudhi ni kwamba yamefanya kazi. Ukingo ule haujaanguka tena. Miche mingi imeshika. Wageni wakija kukagua miradi hupelekwa pale, na mimi huwaeleza, na huwa sielezi nyumba ile ilikuwa ya nani. Siku hizi napanga Mwanga, mjini Kigoma, karibu na soko, kwenye nyumba yenye wapangaji sita. Asubuhi kila mtu anafunga mlango wake anakwenda zake.

Mwezi wa kumi uliofuata nilijipa moyo nikaenda Ilagala. Nilinunua sukari, sabuni na kitenge, nikapanda boti asubuhi, na njia nzima nilikuwa nikijisomea nitakayosema. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa karibu na maji, uwanja umejaa dagaa juani. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, amekonda kidogo. Nikaweka mzigo chini, nikachuchumaa palepale kwenye vumbi, nikaanza. Mwakeye, Bibi. Makofi yangu siku hizi ni mazuri, hata mwenyeji hawezi kuyacheka.

"Inuka, inuka, usijichafue," akasema kwa Kiswahili. "Mleteeni Afisa kiti."

Wakaniletea kiti. Akaniuliza habari za kazi, nikasema njema. Akashukuru kwa sukari na sabuni, akashukuru kwa kitenge, akasema nisingejisumbua. Chakula kilipoiva niliwekewa sahani yangu peke yangu juu ya stuli, na kijiko juu yake, na kipande kikubwa cha mgebuka. Wao walikula kwenye mkeka, sinia moja, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Maneno niliyojisomea niliyaacha. Nilikula chote, maana mgeni akibakiza huonekana hakupenda.

"Mawe yalifika?" akaniuliza wakati ananawa.

"Yalifika, Bibi. Mwezi wa sita."

"Alhamdulillahi. Kazi nzuri."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Nimeitafuta sana sauti ile kichwani mwangu nikitumaini nitakuta kejeli, na sijaikuta.

Ndipo wingu lililokuwa kwenye vilima likashuka na matone ya kwanza yakapiga bati. Watu wote wakainuka, mdogo wake, wakwe, majirani wawili, wakakimbilia dagaa. Nami nikainuka. Nilikuwa nimeshavua viatu, nimeshakunja mikono ya blauzi, nimeshashika ncha ya wavu.

"Kaa, Afisa," Bibi akaniita, kwa upole kabisa, bila kupandisha sauti. "Wewe ni mgeni wetu."

Nikarudi kukaa. Walianua wenyewe, wakaitana na kugombezana, mpaka dagaa wote wakawa ndani.